Kimelea cha Kasapa na Uamuzi wa Dawa za Mimea: Sura Moja ya Historia ya Sayansi Lubumbashi

Historia ya dawa zitokanazo na mimea imezoeleka kuandikwa kama historia ya miti. Husimuliwa habari za gome la mkwinini lililotoka katika milima ya Andes, za utomvu wa afyuni, za ua la Madagaska lililozaa dawa za saratani ya damu. Anatajwa mganga anayelijua jani, kisha mkemia anayelikamua, kisha kiwanda kinachouza. Picha hiyo si ya uongo, lakini ina pengo kubwa: haimwonyeshi mwamuzi. Kati ya majani mia mbili yanayosifiwa kuwa yanatibu homa, ni lipi lenye nguvu kweli, na katika jani hilo ni kampaundi ipi iliyobeba nguvu hiyo? Swali hilo haliwezi kujibiwa na mti wenyewe, wala na sifa ya mganga, wala na chupa za mkemia. Hujibiwa na jaribio, na jaribio la dawa ya malaria linahitaji kiumbe hai chenye malaria.

Makala haya yanahusu mwamuzi mmoja aliyetoka Lubumbashi. Ni kimelea cha panya wa msituni, Plasmodium berghei, kilichoelezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1948, pamoja na ukoo wake mmoja uliotwaliwa katikati ya miaka ya 1960 na kupewa jina la ANKA, yaani Antwerpen na Kasapa. Kasapa inajulikana kwa kila mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, kwa kuwa ndiko iliko kampasi yake kuu. Katika maabara za Ulaya, Asia na Amerika herufi nne za ANKA huandikwa kila siku juu ya vichupa na katika vichwa vya makala, na ni haki kudhani kwamba wengi wanaoziandika hawangeweza kuionyesha Kasapa kwenye ramani. Jambo la kusikitisha zaidi ni kwamba hata hapa, ambapo watu wanaijua Kasapa, si wengi wanaoijua ANKA.

Kinini kabla ya panya

Ni vema kuanza na neno. Katika Kiswahili cha Kongo, kama ilivyo katika Kilingala, kidonge cha namna yoyote huitwa kinini. Na katika Kinyarwanda husemwa ikinini, wingi wake ibinini. Msemaji anayeomba kinini cha kichwa au kinini cha minyoo hafikirii kwamba anataja mti. Hata hivyo neno hilo ni kwinini, lililopitia Kifaransa, na Kifaransa kiliunda jina hilo kutokana na kina, neno la Kikechua linalomaanisha gome. Lilipofika katika lugha za Kibantu lilikuta silabi yake ya kwanza imefanana na kiambishi cha ngeli, likapokelewa kama mwenyeji na kupewa wingi bila shida. Kibemba, kimojawapo cha lugha za Katanga ya Juu, kimechukua njia nyingine: umuti ni mti na umuti ni dawa, neno moja kwa vitu viwili. Kiswahili kilitenganisha mti na dawa kwa kukopa neno la pili kutoka Kiarabu. Lugha hizi zimehifadhi, kila moja kwa namna yake, kumbukumbu ya uhusiano ambao wakemia waliutumia kama mtaji.

Mwaka 1820, mjini Paris, Pelletier na Caventou walitenga kwinini kutoka katika gome. Tangu hapo gome halikuwa tena dawa peke yake. Lilikuwa pia kielelezo. Maana kampaundi iliyotengwa inaweza kupimwa, na kampaundi iliyopimwa inaweza kuigwa, kupunguzwa hapa na kuongezwa pale. Mwaka 1856 kijana Mwingereza William Perkin alijaribu kuiunda kwinini katika maabara, asiipate, akapata rangi ya zambarau iliyomtajirisha. Mwaka 1891 Paul Ehrlich na mwenzake Guttmann waliwapa wagonjwa wawili wa malaria rangi nyingine, bluu ya methileni, na homa ikatulia. Wakemia wa Ujerumani waliichukua rangi hiyo, wakaiunganisha na pete ya kwinolini ambayo ni sehemu ya umbo la kwinini, na katika miaka ya 1920 wakapata dawa ya kwanza ya malaria iliyotengenezwa na binadamu. Klorokwini, iliyoundwa na Hans Andersag mwaka 1934 katika maabara za Bayer, ni ya ukoo huohuo. Aliyewahi kumeza klorokwini alimeza, kwa njia ya mbali, umbo lililobuniwa na mti wa Andes.

Kazi hiyo yote ilihitaji mwamuzi, na mwamuzi wa nyakati hizo alikuwa ndege. Mjini Elberfeld, Wilhelm Roehl aliwaambukiza kanari malaria ya ndege na kuwanywesha kampaundi moja baada ya nyingine. Baadaye walitumiwa kuku na bata. Wajapani walipoiteka Java mwaka 1942, na pamoja nayo sehemu kubwa mno ya magome ya mkwinini yaliyokuwa yakiuzwa duniani, mashamba ya mkwinini ya Kivu yalipata thamani mpya, na Marekani iliingia katika utafiti wa haraka ambao kampaundi zipatazo 14,000 zilijaribiwa. Mwaka 1947 ilitolewa orodha ya mimea kama 600 iliyokuwa imejaribiwa juu ya kuku na bata.

Lakini ndege ana kasoro. Chembe zake nyekundu za damu zina kiini, za binadamu hazina. Vimelea vyake havikui katika ini kama vya binadamu, bali katika viungo vingine. Dawa iliyomponya bata ingeweza kumshinda mtu, au kumdhuru. Kutoka kwa ndege, hatua iliyofuata ilikuwa binadamu mwenyewe: askari, wagonjwa wa akili, wafungwa kama wale wa gereza la Stateville huko Illinois, ambao katika miaka ya 1940 waliambukizwa malaria kwa makusudi ili dawa zijaribiwe. Kati ya kanari na mfungwa palikuwa na nafasi tupu. Alihitajika mnyama anyonyeshaye, mdogo, wa gharama ndogo, mwenye malaria yake. Wataalamu walimtafuta kwa miaka mingi bila kumpata.

Mushitu wa Kisanga

Mji ambao sasa ni Lubumbashi ulikuwa ukiitwa Élisabethville, nao umekaa juu ya uwanda wa mita zipatazo 1,200 kutoka usawa wa bahari. Sehemu kubwa ya uwanda huo ilifunikwa na miombo. Lakini kandokando ya vijito husimama msitu mwembamba, wenye giza na unyevu, ambao wenyeji huuita mushitu. Ni katika mushitu kama huo, kando ya kijito cha Kisanga karibu na mji, ambamo daktari Mbelgiji Ignace Vincke, aliyekuwa akishughulikia malaria ya Katanga, alifanya kazi yake pamoja na mwenzake Marcel Lips.

Mbu alijulikana kabla ya panya. Anopheles dureni ni mbu wa mushitu. Si yule wa nyumbani anayewasumbua watu wa mjini usiku. Vincke alipompasua na kumtazama kwa hadubini, alikuta katika tezi zake za mate vimelea vya malaria katika hatua ile ambayo tayari vinaweza kuambukiza. Ikiwa mbu huyo haishi kwa damu ya watu, vimelea hivyo alivitoa wapi? Swali lilikuwa jepesi kuuliza na gumu kujibu, kwani mushitu una ndege, kima, popo na wanyama wengi wagugunaji. Jibu lilipatikana katika damu ya panya wa vichakani anayepanda miti, ambaye siku hizo aliitwa Thamnomys surdaster na ambaye leo amewekwa katika jenasi ya Grammomys. Vincke na Lips walikieleza kimelea hicho mwaka 1948 katika jarida la chama cha Ubelgiji cha tiba ya nchi za joto. Walikipa jina la Plasmodium berghei kwa heshima ya Louis van den Berghe, mtaalamu wa vimelea na mkurugenzi wa taasisi ya IRSAC iliyokuwa na makao yake Lwiro, Kivu.

Ugunduzi wenyewe ungeweza kuishia katika jarida, kama ulivyoishia ugunduzi wa vimelea vingi vya wanyama wa porini. Kilichoubadilisha ni jambo moja: damu ya panya wa mushitu ilipodungwa katika panya weupe wa maabara, kimelea kilistawi. Kilistawi pia katika panya wakubwa na katika buku wadogo wa maabara waitwao hamsta. Yule mnyama aliyekuwa akitafutwa hakuwa tena mnyama wa porini wa kufugwa kwa shida. Alikuwa panya mweupe anayepatikana katika kila maabara duniani. Katika miaka michache kimelea cha Katanga kilikuwa kimesambazwa katika nchi nyingi, kikihamishwa kutoka panya hadi panya kwa sindano.

Kwa muda mrefu hata hivyo kilikataa kupitishwa na mbu katika maabara. Wataalamu waliwaweka mbu wao katika joto linalofaa malaria ya binadamu, na kimelea hakikukomaa. Ni katika miaka ya 1960 tu ambapo Meir Yoeli na wenzake mjini New York walionyesha kwamba kimelea hiki kinataka baridi: nyuzi 19 hadi 21 za Selsiasi. Anayeijua Lubumbashi ya Juni na Julai, na ubaridi wa mushitu hata wakati wa mchana, haoni ajabu. Wataalamu walikuwa wamekichukua kimelea na kuiacha hali ya hewa yake. Ujuzi huo ulipopatikana ndipo ilipowezekana kuvichunguza vimelea katika mzunguko wao mzima, na mwaka 1967 Ruth Nussenzweig alionyesha, kwa kutumia P. berghei iliyodhoofishwa kwa mionzi, kwamba panya anaweza kukingwa dhidi ya malaria. Njia ndefu iliyoanzia hapo ilifika mwaka 2021, Shirika la Afya Duniani lilipopendekeza chanjo ya kwanza ya malaria kwa watoto wa Afrika. Lakini hiyo ni historia nyingine.

Yapasa kusema neno juu ya majina. Makala ya 1948 yana waandishi wawili, na jina la kimelea lina Mbelgiji wa tatu. Kimelea kingine cha Katanga, kilichoelezwa na Rodhain mwaka 1952, kiliitwa Plasmodium vinckei. Mtu anayejua kazi ya kutega panya wapandao miti ndani ya mushitu, kuvijua vijia vyao na viota vyao, atauliza mitego ilitegwa na nani. Majina ya sayansi hayamjibu. Katika majina yote ya koo za kimelea hiki, lililobaki la wenyeji ni la mahali tu: Kasapa.

Siku nne

Jaribio ambalo kimelea hiki kiliwezesha ni rahisi kuelezwa, na urahisi wake ndio uliolifanya lienee. Siku ya kwanza panya kadhaa hudungwa idadi inayojulikana ya chembe za damu zenye vimelea. Baada ya saa chache kundi moja hupewa kiziduo, yaani kile kilichotolewa katika jani, mzizi au gome kwa maji, alkoholi au etha. Kundi la pili hupewa dawa inayojulikana, na la tatu hupewa maji matupu. Hufanywa hivyo siku nne mfululizo. Kisha hutwaliwa tone la damu katika ncha ya mkia, hupakwa juu ya kioo, hutiwa rangi ya Giemsa, na mchunguzi huhesabu chini ya hadubini ni chembe ngapi katika kila mia zina vimelea. Tofauti kati ya kundi la kiziduo na kundi la maji ndiyo hukumu. Utaratibu huo unahusishwa hasa na Mwingereza Wallace Peters, nao umetumiwa Addis Ababa, Nairobi, Kinshasa, Lubumbashi na popote penye panya, hadubini na mtu mwenye subira ya kuhesabu. Hauhitaji mashine ya mamilioni. Kwa vyuo vikuu vya Afrika hilo halikuwa jambo dogo.

Wenye mamilioni nao waliutumia mwamuzi huyohuyo. Vimelea vya malaria vilipoanza kuishinda klorokwini huko Asia na Amerika Kusini, jeshi la Marekani lilianzisha mwaka 1963 mpango wa kutafuta dawa mpya, na katika maabara ya Leo Rane huko Miami zaidi ya kampaundi 200,000 zilipitishwa katika panya wenye P. berghei. Kati ya zilizopita mchujo ni meflokwini. Mtu akiitazama michoro yake na ya kwinini pamoja ataona ukoo: wakemia walikuwa wamerudi kwenye mti kuchukua umbo, baada ya kuuacha kwa miaka thelathini.

Kisa kikubwa zaidi kilitokea upande wa pili wa vita hivyohivyo vya Vietnam. Tarehe 23 Mei 1967 serikali ya China ilianzisha mradi wa siri ulioitwa 523, kwa tarehe yake, ili kuwatafutia dawa askari wa Vietnam Kaskazini. Mwaka 1969 mfamasia Tu Youyou wa chuo cha tiba ya jadi mjini Beijing alipewa kundi la utafiti. Yeye na wenzake walikusanya maagizo zaidi ya 2,000 kutoka katika vitabu vya kale na kwa waganga, wakayachuja hadi 640, kisha wakatengeneza viziduo 380 kutoka katika mimea ipatayo 200. Vyote vilipelekwa mbele ya panya wenye malaria. Mmea mmoja, qinghao, ambao kwa Kilatini ni Artemisia annua, ulizuia vimelea kwa asilimia 68 mara ya kwanza. Jaribio liliporudiwa, nguvu hiyo ilishuka, na mmea ukakaribia kuachwa.

Hapa panya walikuwa wametoa ushahidi wa aina ya pekee. Hawakusema kwamba mmea haufai. Walisema kwamba haufai sawasawa kila mara. Tu alirudi vitabuni. Katika kitabu cha Ge Hong cha karne ya nne alikuta agizo la kuloweka konzi moja ya qinghao katika maji, kukamua na kunywa. Hapakuwa na neno la kuchemsha. Je, joto ndilo lililokuwa likiiharibu dawa? Alibadilisha njia, akatumia etha inayochemka kwa joto dogo, akaondoa sehemu yenye asidi. Tarehe 4 Oktoba 1971 kiziduo cha namba 191 kilijaribiwa kwa panya wenye Plasmodium berghei, na vimelea vikatoweka kwa asilimia mia moja. Mwaka uliofuata kampaundi yenyewe ilitengwa, nayo ndiyo artemisinini. Mwaka 2015 Tu Youyou alipata Tuzo ya Nobel.

Inafaa kulikumbuka jambo hili kwa utaratibu wake. Maarifa yalikuwa ya Wachina, mmea ulikuwa wa China, kitabu kilikuwa na umri wa miaka 1,600. Kilichoweza kutofautisha kati ya jani lililochemshwa na jani lililolowekwa kilikuwa kimelea ambacho, kwa asili, kinajulikana kutoka nyanda za juu za Katanga. Popote pengine kilipokutwa duniani, kilifika kwa sindano na kichupa. Ilipofika mwaka 2005 Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambayo miaka michache kabla ilikuwa imeiacha klorokwini, ilichagua artesunate pamoja na amodiakwini kuwa dawa ya kwanza ya malaria isiyo kali: moja ni mtoto wa qinghao, nyingine ni ya jamaa ya kwinini. Hivyo mgonjwa wa kartié ya Kenya au Katuba alimeza kwa mara moja mimea miwili ya mbali, na mmoja kati yake ulikuwa umethibitishwa na mkazi wa mushitu wa jirani.

Mpaka wa mwamuzi

Sifa hizi zisimfanye msomaji adhani kwamba hukumu ya panya ni ya mwisho. P. berghei hupenda chembe nyekundu changa, ilhali Plasmodium falciparum, muuaji wa watoto wetu, huingia katika chembe za kila umri. Ini la panya huzivunja kampaundi kwa namna yake. Mmea uliomshinda panya si lazima uwe hauna kitu, na uliomponya si lazima umponye mtu. Mwaka 1976 Trager na Jensen walifaulu kuikuza P. falciparum ndani ya chupa katika damu ya binadamu, na tangu hapo yupo mwamuzi wa pili. Siku hizi kiziduo hupelekwa kwanza kwenye chupa, na kile kilichofaulu ndicho hupelekwa kwa panya.

Utaratibu huo wa hatua mbili ndio uliotoa, kwa mfano, kampaundi za jamii ya spiroindoloni zilizotangazwa mwaka 2010. Watafiti waliziokota katika hazina ya kampaundi zipatazo 12,000, nyingine za asili na nyingine zilizoundwa kwa kufuata maumbo ya asili, wakazirekebisha, kisha dozi moja ya mdomo ikawaponya panya wenye P. berghei. Kampaundi moja ya jamii hiyo, sipargamini, imefikishwa katika majaribio ya wagonjwa. Haja yake si ya kubuni: mwaka 2020 ilitangazwa kwamba nchini Rwanda vimekutwa vimelea vyenye badiliko la kijeni linalopunguza kasi ya artemisinini, na mwaka 2021 habari kama hiyo ikatoka Uganda kaskazini. Mipaka ya Kivu haina ukuta wa kumzuia mbu.

Upo pia upande wa pili wa jambo hili, ambao Lubumbashi inaujua vizuri. Katika masoko ya mji, mizizi na magome huuzwa kwa ajili ya homa kama zamani, na chai ya artemisia imepata wapenzi wengi nchini Kongo. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilisema haliungi mkono matumizi ya mmea huo katika umbo lisilo la dawa iliyopimwa. Mabishano yamekuwa makali, na pande zote mbili mara nyingi zimesahau kilichomtokea Tu Youyou: jani lilelile, likitayarishwa kwa njia mbili, lilitoa hukumu mbili. Anayesema “mmea huu unatibu” na anayesema “mmea huu hautibu” wote wana deni la kueleza umetayarishwaje, kwa kiasi gani, na umeamuliwa na nani. Wakemia na wafamasia wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wanaochunguza mimea ya Katanga wamelipa sehemu ya deni hilo, kwa kazi ambayo ingestahili kusomwa pia na watu wa idara za lugha. Kwani wa kwanza kukosea huwa jina: mti mmoja una jina moja kwa Wasanga, jingine kwa Wabemba, jingine sokoni, na miti miwili hushirikiana jina moja. Maabara ikipokea jina lenye makosa, panya watatoa hukumu sahihi juu ya mti usio wenyewe.

Kiswahili chenyewe bado kinatafuta maneno ya kazi hii. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya mwaka 1990, iliyotolewa Dar es Salaam, ilisaidia kwa mengi. Lakini ile kampaundi ambayo si dawa bado, bali ni umbo la kuanzia ambalo wakemia hulifuata ili kufika kwenye dawa, haijapata jina lililokubalika. Kampaundi kiongozi lingefaa. Wengine wangependelea kielelezo. Iwapo wasemaji watafanya kama walivyofanya kwa kwinini, watachukua jina la ile ya kwanza itakayofaulu na kuliita kila kitu kwa jina hilo.

Swali la haki ni gumu kuliko la majina. Mkataba wa kimataifa wa bioanuwai, uliosainiwa mwaka 1992 na kuanza kutumika mwisho wa 1993, unaipa kila nchi mamlaka juu ya mali zake za kijeni. Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010 imeeleza jinsi faida igawanywe. Lakini P. berghei ilichukuliwa 1948, ANKA ikachukuliwa katika miaka ya 1960, na mkataba haurudi nyuma. Kisheria hakuna anayedaiwa. Ni sawa pia kukumbuka kwamba kimelea hakikuuzwa. Kiligawiwa bure kati ya maabara, na huenda kingefungiwa kwa hati na ada kisingefika Beijing kwa wakati. Wanaotaka kuandika malalamiko watalazimika kulijibu hilo. Wanaotaka kunyamaza, nao wajibu kwa nini mji uliotoa mwamuzi uliendelea kuagiza hukumu kutoka nje.

Kimelea chenyewe kimebadilika tangu kitoke hapa. Ukoo uitwao K173, uliohamishwa kwa sindano kutoka panya hadi panya kwa miaka mingi, umepoteza uwezo wa kutoa zile chembe za uzazi ambazo mbu huzinywa. Sindano ilimfanya mbu asihitajike, na kimelea kikamsahau mbu. Baadhi ya matawi ya ANKA yamepatwa na hali hiyohiyo, na ndiyo sababu maabara huzihifadhi nakala za awali katika naitrojeni ya maji. Mtafiti atakayetaka kimelea kipya, kisichopitia sindano, hana budi kurudi kwenye vijito vinavyozunguka Lubumbashi, akamtafute Anopheles dureni na panya wa vichakani. Miombo inayouzunguka mji imekatwa mno kwa ajili ya makaa, yale ambayo watu wa Katanga huyaita makala, na mushitu unaobaki umebanwa kati ya mashamba, viwanja na migodi.